Unga wa Taiki

Kila kundi jipya la wanafunzi wa afya linapoketi mbele yangu, kabla sijaandika neno ubaoni, huwagawia vipande vya karatasi na kuwapa fumbo. Kiwanda kimetengeneza maziwa ya unga. Maabara ya kiwanda imehesabu bakteria na kukuta wamezidi kiwango. Unga ukayeyushwa, ukachanganywa na maziwa mengine, ukapashwa moto mkali, ukakaushwa upya. Maabara ikahesabu tena, safari hii bakteria wakawa chini ya kiwango. Wewe ndiye mwenye muhuri. Andika jina lako, kisha andika neno moja: GONGA au MWAGA.

Wengi huandika GONGA. Si wajinga. Wamelelewa katika nyumba ambazo maziwa yakishapanda na kuzima nusu ya moto wa jiko, basi hayana neno tena, hata kwa mtoto mchanga. Mwaka jana binti mmoja wa mstari wa mbele aliniletea karatasi yake akanong'ona, kama mtu anayemsahihisha mzee wake kwa adabu, "Mwalimu, si yameshachemka?" Nikamwambia arudi akae, tuanze kwa wagonjwa.

Wagonjwa walikuwa Osaka, Japani. Taarifa za kwanza zilifika kwa wakuu wa afya wa jiji tarehe 27 Juni 2000: watu walikunywa maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na saa chache baadaye wakawa wanatapika na kuharisha. Pakiti zilikuwa za Snow Brand, ambayo Wajapani huiita Yukijirushi, jina lililokuwa kwenye friji za nchi nzima. Kampuni ilijivuta. Tangazo kwa umma lilitoka tarehe 29, na kati ya siku hizo mbili watu waliendelea kumimina maziwa kwenye vikombe vya asubuhi. Hesabu ilipofungwa, walioathirika walikuwa 13,420.

Tarehe 1 Julai wakubwa wa kampuni waliwakabili waandishi wa habari. Mkuu wa kiwanda cha Osaka akatamka kwamba ndani ya vali moja kulikutwa uchafu wa maziwa yaliyoganda, ukubwa wa sarafu ya yeni kumi. Mkurugenzi mkuu aliyekaa karibu naye hakuwa na habari. Akamgeukia mbele ya kamera na kumuuliza kama hayo ni kweli. Siku chache baadaye mkurugenzi huyohuyo, akiwa amebanwa na waandishi, alifoka kwamba naye hajalala. Sentensi hiyo ilimmaliza kuliko vali. Watu waliolala wamekumbatia ndoo hawakuona kwa nini wamhurumie kwa usingizi.

Basi nchi nzima ikaamini mkosaji ni vali. Ilikuwa chafu kweli, na uchafu unaoonekana kwa macho hutuliza roho: unaupiga picha, unausugua, unatangaza kwamba umeondoka. Lakini sumu iliyowaangusha watu haikuzaliwa pale. Waliotuonyesha ilikozaliwa ni watu wa maabara, na kifaa chao kilikuwa kingamwili.

Hapa huwa natulia na wanafunzi wangu, kwa sababu ndipo penye somo.

Bakteria mwenyewe si mgeni. Stafilokokasi ndiye wa jipu, ndiye wa kidole kilichokatwa ambacho mpishi amekifunga kitambaa akaendelea kukanda unga. Hukaa puani mwa watu wengi wazima, na kwenye kiwele cha ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Akipata chakula chenye uvuguvugu huzaana, na wakishakuwa wengi huachia sumu. Moto humuua bila taabu. Sumu yake haifi, kwa kuwa haijawahi kuwa hai. Ni protini ndogo iliyojikunja barabara, kiasi kwamba kuchemka kwa nusu saa hakutoshi kuimaliza. Kwa hiyo chakula kinaweza kuwa hakina hata bakteria mmoja aliye hai, na bado kikaangusha harusi nzima.

Jambo hili lilijulikana zamani, na waliolijua mwanzo walilijua kwa matumbo yao. Mwaka 1914 mtafiti M. A. Barber, akiwa Ufilipino, aliandika habari za maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye afya. Yakinywewa yakitoka tu kukamuliwa hayakuwa na shida; yakiachwa nje saa kadhaa, yalimlaza. Akayanywa tena makusudi ili awe na hakika. Chicago nako, baada ya keki za Krismasi ya 1929 kuwaangusha watu 11, mtafiti Gail Dack alikuza bakteria waliotoka kwenye keki, akawachuja wote, kisha akawanywesha watu waliojitolea yale maji yaliyobaki. Walitapika. Ndipo ikathibitika kwamba anayeumiza ni kitu ambacho bakteria hukiacha nyuma.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kipimo cha sumu hii kilikuwa tumbo la kiumbe. Tumbili alipewa chakula kinachoshukiwa, mtu akakaa na saa akisubiri kuona kama atatapika. Paka wadogo nao walichomwa sindano. Ilikuwa kazi ya gharama na ya kikatili, na jibu lake lilikuwa la wasiwasi, maana kuna tumbili wanaotapika kwa hofu tu na kuna waliozoea sumu.

Mlango ulifunguka pale sumu ilipoweza kusafishwa ikabaki peke yake. Merlin Bergdoll na wenzake, katika taasisi ya Dack, walifaulu kuisafisha sumu B, mojawapo ya sumu za bakteria huyu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukishapata sumu safi unaweza kumfundisha sungura aitambue. Unamchoma kidogo, mara nyingi ikiwa imepunguzwa makali kwa formalini, unarudia baada ya wiki kadhaa, na mwili wake unatengeneza kingamwili zinazoikamata sumu hiyo. Unachukua damu, unatenga majimaji yake, na humo mna kipimo.

Wanafunzi nawaambia wakumbuke panda ya manati. Kingamwili ina umbo hilohilo: mikono miwili juu na mpini chini. Mikono ndiyo inayoshika, na kila aina ya kingamwili hushika kitu chake kimoja kama ufunguo na kufuli lake. Ubaya wa sungura ni kwamba kila mmoja hutengeneza mchanganyiko wake, na akifa, kipimo chako kimekufa naye. Mwaka 1975, Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyojua kuchoka. Wakapata seli inayozaa kingamwili ya aina moja tu, ileile, mwaka hadi mwaka. Tuzo ya Nobel waliipata 1984. Mara nyingi kipimo cha sumu unachokinunua leo kina mkono wao ndani yake.

Namna ya kukitumia si ngeni kwa mtu aliyewahi kutobolewa kidole kwenye zahanati kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka. Kuna kingamwili zilizobandikwa mahali pamoja zikingoja. Kitu kinachotafutwa kikipita, zinakidaka. Kisha inakuja kingamwili ya pili, inakidaka kwa upande mwingine, nayo imebeba rangi au kimeng'enya cha kuleta rangi. Kitu kimebanwa kati ya mbili, na mstari unatokea. Pasipo na kitu, ya pili haina pa kushika, inapita na kwenda zake.

Sasa tazameni ujanja wa adui. Stafilokokasi ana protini nyingine kwenye ngozi yake, iitwayo protini A, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili kwa mpini. Mwilini hiyo ndiyo kinga yake: panda imeshikwa kitakoni, mikono inapunga hewa. Ndani ya kipimo hali inakuwa ya kuchekesha, kama haingekuwa na madhara. Protini A inajibana kati ya kingamwili mbili kwa kuzishika mipini, rangi inatokea, na wewe unaandika "sumu imeonekana" kwenye jibini ambayo haina sumu. Nimewahi kuandika hivyo mimi mwenyewe, nikiwa kijana, kwenye sampuli ya mtengenezaji mdogo aliyenikabidhi mzigo wake kwa imani. Bahati nzuri mkubwa wangu aliniamuru nirudie kabla barua haijatoka. Dawa iliyogunduliwa ni nzuri mno: kuku. Ukimchoma kuku sumu ileile, kingamwili zake zinahamia kwenye kiini cha yai, na protini A haiwezi kuzishika, kwa kuwa mpini wa kingamwili ya ndege umechongwa tofauti. Wengine hukata mipini kabisa na kutumia mikono mitupu.

Kuna mtego mwingine, wa moto. Sumu iliyopikwa sana hubadilika umbo, na kingamwili iliyofundishwa kwa sumu mbichi inaweza kuipita bila kuitambua. Marekani waliliona hilo mwaka 1989, uyoga wa makopo kutoka China ulipowatapisha watu. Kazi ya kuutafuta ushahidi ndani ya makopo yaliyopikwa kwa joto la juu iliwalazimu wataalamu kutafuta mbinu za kuirudishia sumu umbo ambalo kingamwili ingelijua.

Turudi Osaka. Tarehe 2 Julai maabara ya afya ya mkoa ilitangaza kuwa imeikuta sumu A ndani ya maziwa. Huenda mtu akadhani ilikuwa nyingi. Haikuzidi nanogramu 0.38 katika kila mililita. Wataalamu walikadiria baadaye kwamba kila mgonjwa alikunywa jumla ya nanogramu 20 hadi 100 hivi. Punje moja ya sukari inazidi hapo mara elfu kadhaa. Kipimo kilichokuwa kikitumika sana kilikuwa cha chembe za latex, na chenyewe kilianza kuona kuanzia nusu nanogramu hadi nanogramu moja. Maana yake ni kwamba ukimimina maziwa yale kwenye kipimo kama yalivyo, kingekujibu kwamba ni salama. Iliwabidi kwanza wayakamue, waondoe mafuta na protini za maziwa, wakusanye sumu ya kiasi kikubwa katika tone dogo.

Kipimo hicho napenda kukionyesha darasani, kwa sababu kila mtu hukisoma kinyume. Ni visima vidogo vya plastiki vyenye kitako kilichochongoka. Unatia sampuli, unatia chembe zilizovikwa kingamwili, unafunika, unakwenda kulala. Asubuhi, kisima kilichokusanya kitone kizuri katikati, cheupe, kama jicho la dagaa aliyekaushwa, ndicho kisicho na sumu: chembe zimeteleza zote hadi chini. Kisima kilichotandwa na ukungu mwepesi, ambacho ungesema hakina kitu, ndicho chenye sumu. Imezishikanisha chembe, zikakwama njiani.

Kwa kingamwili hizo wakaifuata sumu kurudi nyuma. Maziwa yale ya Osaka yalikuwa yametiwa maziwa ya unga. Mwezi Agosti ikatangazwa kwamba unga wenyewe unayo: nanogramu 3.7 hivi kwa gramu. Mifuko haikutengenezwa Osaka. Ilitoka Taiki, mji mdogo wa wafugaji kisiwani Hokkaido, kaskazini kabisa, kwenye kiwanda cha kampuni hiyohiyo. Hapo ndipo vali, pamoja na uchafu wake wote, ilipotoka kizimbani.

Tarehe 31 Machi mwaka huo, huko Taiki, theluji ya majira ya baridi ilikuwa ikiyeyuka. Barafu iliyoning'inia ilianguka juu ya paa la chumba cha umeme, paa likavunjika, maji yakaingia, umeme ukakatika. Ulikuwa umekatika kwa saa tatu hivi. Sisi tunaojua mgao tunaweza kucheka saa tatu. Lakini maziwa yalikuwa njiani ndani ya mashine, yamepashwa uvuguvugu ili krimu itengwe, na yakasimama pale yalipo, kwenye joto ambalo stafilokokasi angelichagua mwenyewe kama angeulizwa. Mengine yalikaa saa nyingi zaidi kwenye tangi ambalo halikupozwa. Umeme uliporudi, kazi ikaendelea. Unga ukatoka, wa Aprili mosi.

Maabara ya kiwanda ilifanya wajibu wake. Ilihesabu bakteria, ikakuta sehemu ya unga imepita kiwango cha kampuni yenyewe. Nasisitiza hili kwa wanafunzi, maana hawapendi kulisikia: hesabu ilifanyika. Wakafanya lile ambalo lilionekana uangalifu. Hawakuumwaga. Waliuyeyusha, wakautumia kama malighafi ya unga mpya uliotengenezwa Aprili 10, ukapita tena kwenye moto. Wakahesabu. Bakteria hawakuwepo wa kutisha. Muhuri ukagongwa, mifuko ikapanda meli.

Hadi inaingia kikombeni, sumu ile ilikuwa imepita kwenye joto la nyuzi 130 angalau mara mbili, sekunde mbili au nne kila mara, na ikabaki na nguvu ya kutapisha. Walichokihesabu Taiki ni wezi waliokwisha kuuawa. Mali iliyoibwa hakuna aliyeiulizia. Kipimo cha kuiulizia kilikuwepo, tena cha Kijapani, kikiuzwa.

Nisije nikawafanya wanafunzi waabudu kingamwili, huwaongezea kipande hiki. Vifaa vya dukani vya wakati ule vilitafuta sumu za stafilokokasi tano zilizozoeleka, A hadi E. Zipo nyingine nyingi zilizogunduliwa baadaye, na kila moja inahitaji kingamwili yake. Mwaka 2005 watafiti wa Kijapani waliotengeneza kingamwili za kuitambua sumu H walichapisha matokeo yao juu ya unga uleule wa Taiki. H ilikuwamo, imekaa ubavuni mwa A. Kwa miaka mitano kila mtu alikuwa akisimulia kisa cha mkosaji mmoja kwa sababu ndiye pekee waliyekuwa na ufunguo wake. Ndiyo maana ninapopokea ripoti iliyoandikwa "hakuna sumu", kalamu yangu huongeza pembeni: ipi?

Kufikia hapo darasa huwa limenyamaza, na wale walioandika GONGA wanatazama madirisha. Huwa nimebakiza jambo moja.

Machi 1955, Tokyo, zaidi ya wanafunzi 1,900 wa shule za msingi waliugua baada ya kunywa maziwa ya chakula cha shule. Yalikorogwa kwa maziwa ya unga. Mkosaji: stafilokokasi. Unga ulitoka Yakumo, Hokkaido. Kiwandani mashine ilikuwa imeharibika, umeme ukakatika, maziwa yakalala bila kupozwa na kutumika kesho yake. Kiwanda kilikuwa cha Snow Brand.

Mkuu wa kampuni wa wakati huo, Satō Mitsugi, hakuitafuta vali. Alisimamisha mauzo, akaomba radhi, akaandika waraka kwa wafanyakazi wote kuhusu aibu ile na jinsi sifa iliyojengwa kwa miaka inavyobomoka kwa siku moja. Kila mwajiriwa mpya alikuwa akipewa nakala yake anapoanza kazi. Iliendelea hivyo miaka thelathini hivi, mpaka katikati ya miaka ya 1980. Kisha ugawaji ukakoma. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1990 alipewa sare, akaonyeshwa mashine, akafundishwa kuhesabu bakteria.

Yule binti wa mstari wa mbele aliinua mkono, safari hii hakunong'ona. Aliomba arudishiwe karatasi yake ili aandike upya. Nilimkatalia. Karatasi hizo zote, zenye majina, nazitia kwenye bahasha ya mwaka wake, na bahasha zote ziko kwenye droo ya meza yangu. Kundi lijalo likija, baada ya fumbo, huwa nazimwaga mezani wazisome.